Mikanda ya shanta: anza kiunoni ndipo uende mabegani

Mteremko wa Newala kuelekea bonde la Ruvuma humuumbua mtu aliyefunga shanta ovyo. Hajafika hata nusu, utamwona ameingiza vidole gumba chini ya mikanda ya mabegani, anainyanyua ili mabega yapumue. Hatua chache mbele begi linaanza kuyumba, naye anavuta mikanda ile ile ikaze zaidi. Maumivu yanazidi, anavuta tena. Akifika chini analaumu begi, na kama alilipata mitumbani anamlaumu na muuzaji.

Mara nyingi begi halina kosa. Mkanda wa begani ukikazwa peke yake haupunguzi mzigo hata kidogo. Unaukusanya wote kwenye nyama nyembamba iliyo kati ya shingo na ncha ya bega, mahali ambapo chini yake hupita mishipa ya fahamu na ya damu inayokwenda mkononi. Dawa inaanzia kiunoni, na mabega yanafuata baadaye. Ndiyo maana katika mwongozo huu unaohusu mikanda ya mabegani, utasoma habari za nyonga kwanza.

Mzigo unapokaa

Huku Kusini kubeba si jambo geni. Uwanda wa juu wa Makonde una kichanga kinachonyonya mvua, maji yako mabondeni, na kwa vizazi vingi akina mama wamepanda miinuko ile na maji kichwani juu ya ngata. Kule Tendaguru mkoani Lindi, Wajerumani walipochimba mifupa ya dinosauri kati ya 1909 na 1913, wapagazi ndio walioifikisha bandarini Lindi kwa miguu, mizigo mingine kichwani, ile mikubwa kwa mpiko mabegani mwa watu kadhaa. Mifupa hiyo ndiyo iliyojenga lile jitu lililosimama hadi leo kwenye jumba la makumbusho Berlin, lenye kimo kinachozidi mita 13.

Mzigo wa kichwani hukaa wima juu ya uti wa mgongo, na uzito wake unashuka moja kwa moja hadi kwenye nyonga na miguu. Ndiyo sababu mama mwenye ndoo hutembea amenyooka. Shanta halina bahati hiyo. Linakaa nyuma ya mwili na muda wote linamvuta mtu kinyumenyume. Mkanda wa kiuno umewekwa ili uubebe uzito, na ile ya mabegani imewekwa ili izuie begi lisianguke nyuma. Shanta likifungwa sawasawa, robo tatu ya mzigo au zaidi inakaa kwenye nyonga, na mabega yanabaki na kazi ya kuliongoza tu.

Ili tusipotezane, nitataja vitu vinne. Mkanda wa kiuno ni ule mpana wenye sponji unaofungwa mbele kwa bizimu kubwa. Mikanda ya mabegani ni ile miwili minene. Vijikanda vya juu ni vile viwili vyembamba vinavyotoka juu ya mkanda wa begani na kurudi kwenye kichwa cha begi, karibu na masikio yako. Mashanta madogo mengi hayana. Mkanda wa kifua ni kile kiunganishi chembamba kinachopita mbele ya kifua.

Hatua ya 1: Kagua kabla hujalipa

Mashanta mengi mazuri yanayozunguka Mtwara na Lindi yametoka kwenye mitumba, na hakuna aibu katika hilo. Shanta la mtumba lenye fremu nzuri linalishinda begi jipya la madoido lisilo na mkanda wa kiuno. Ila likague.

Shika mkanda wa begani, ukaze, kisha uvute kwa nguvu za mikono miwili. Ukiteleza kwenye bizimu lake hata kidogo, fahamu kwamba ukiwa njiani utateleza kila baada ya dakika tano. Bonyeza sponji kwa kidole gumba, uachie. Ikibaki na shimo imeshakufa, na mkanda wenye sponji mfu hukata bega kama kamba. Geuza begi utazame mishono pale mikanda inaposhikana na mgongo wa begi. Hapo ndipo mzigo wote unaponing'inia, na hapo ndipo uzi hukatika kwanza.

Halafu ingiza mkono ndani upapase kitambaa. Kama kinanata au kinaacha vipande mithili ya ngozi inayobambuka, ule utando wa kuzuia maji umeoza. Joto na unyevu wa pwani huumaliza haraka, hasa begi likikaa stoo miaka. Hilo haliharibu mikanda, ila ni sababu nzuri ya kuomba upunguziwe bei.

Cha mwisho, angalia mgongo wa begi kama una sehemu ya kupandisha na kushusha mikanda ya mabegani: velkro pana, ngazi ya vitanzi, au reli. Ukiikuta, umepata begi linaloweza kufuata mwili wako. Usipoikuta, kipimo cha hatua inayofuata ndicho kitakachoamua kama ulinunue au uliache.

Hatua ya 2: Pima mgongo, si kimo

Watu wawili wenye kimo kimoja wanaweza kuwa na migongo tofauti kabisa, mmoja miguu mirefu na kiwiliwili kifupi, mwingine kinyume chake. Shanta linajali kiwiliwili tu.

Azima futi ya fundi cherehani, ile ya kitambaa. Inamisha kichwa mbele, mwenzio apapase nyuma ya shingo yako hadi aukute mfupa uliotokeza kuliko mingine, pale shingo inapoungana na mabega. Huo ndio mwanzo wa kipimo. Sasa weka mikono kiunoni kama mama anayesubiri maelezo kutoka kwa mtoto aliyechelewa dukani, vidole gumba vikielekea nyuma. Viganja vitakuwa vimekaa juu ya ukingo wa mfupa wa nyonga. Chora kwa macho mstari unaounganisha vidole gumba viwili mgongoni. Huo ndio mwisho wa kipimo. Mwenzio apime kutoka mfupa wa shingo hadi kwenye mstari, akiiacha futi ilale na kufuata mkunjo wa mgongo.

Watu wazima wengi huangukia kati ya sentimita 40 na 53. Mashanta ya saizi ya kati huwafaa zaidi wenye kama 45 hadi 50. Dada mwenye sentimita 41 anayebeba shanta la kaka yake lenye mgongo wa 50 hatapata raha hata akilirekebisha mchana kutwa, kwa sababu mikanda inaanzia juu ya mabega yake badala ya kuanzia chini yake kidogo. Kama begi lina sehemu ya kurekebisha, ishushe. Kama halina, mrudishie kaka.

Pima ukiwa umevaa nguo nyepesi. Khanga iliyokunjwa kiunoni huongeza unene na kuuhamisha mstari.

Hatua ya 3: Tia mzigo wa kujaribia

Begi tupu halikuambii kitu. Litakaa vizuri kwa kila mtu dukani, na ndiyo maana watu hurudi nyumbani wameridhika.

Mzigo wa kilo saba hadi tisa unatosha. Dumu la lita 5 lililojazwa maji hadi shingoni ni kilo tano, chupa mbili za lita moja na nusu ni kilo tatu. Hapo una nane. Lijaze dumu kabisa, maana maji yanayochezacheza yatakupa jibu la uongo. Tandika nguo au shuka chini kabisa ya begi, weka dumu katikati likiwa limegusa upande wa mgongo wako, chupa pembeni yake, kisha jaza mapengo kwa nguo ili vitu visisogee.

Mpangilio huu ufuate hata siku ya safari yenyewe. Kitu kizito kiegemee mgongo, kiwe usawa wa katikati ya makombe ya mabega, yale mapande bapa ya mfupa mgongoni, au chini yake kidogo. Kikiwekwa mfuko wa nje kabisa, kitakuvuta nyuma, na mikanda ya mabegani italipia. Nimeona vijana wamefunga sufuria, viatu na dumu nje ya begi wakidhani wamelipunguzia mzigo. Kilo moja inayoning'inia nje huchosha mabega kuliko kilo moja iliyo karibu na uti wa mgongo.

Kuhusu uzito wenyewe, kanuni ya kawaida ni sehemu ya kumi ya uzito wa mwili kwa matembezi ya kutwa, na sehemu ya tano kwa safari ya kulala njiani. Mtu wa kilo 65 asizidishe 13 au hapo karibu. Wapo wanaobeba zaidi, na wapo wanaojisifia. Hawa wa pili waache.

Hatua ya 4: Legeza kila kitu

Vyote, hata vijikanda vya juu ambavyo huenda havijaguswa tangu begi lishonwe. Ukianza na mkanda mmoja uliokazwa, utarekebisha mingine yote kwa kuufuata huo.

Kulivaa, usilirushe mgongoni. Linyanyue kwa ile kamba fupi ya juu, liweke kwenye paja la mguu uliokunjwa, pitisha mkono mmoja kwenye mkanda wake, kisha geuka taratibu upitishe wa pili.

Hatua ya 5: Kiuno

Inama mbele kidogo ili begi lilale mgongoni, lipandishe kwa kutikisa mabega, kisha funga mkanda wa kiuno. Katikati ya upana wa sponji ikae juu ya ukingo wa mfupa wa nyonga, yaani nusu ya mkanda ipite juu ya ukingo na nusu iukumbatie kwa chini. Wengi huufunga tumboni, usawa wa kitovu. Hapo hakuna mfupa wa kushikilia kitu. Mkanda utabana utumbo, utazuia pumzi, na mwisho utateleza.

Ukaze hadi usikie mzigo umekaa, lakini uweze bado kuingiza vidole viwili kwa shida. Angalia mbele: ncha mbili za sponji zisigusane. Zikigusana, mkanda ni mkubwa kwako na hutaweza kuukaza zaidi ukipungua mwili au ukivua nguo ya juu.

Sasa fanya jaribio moja kabla ya kugusa mabega. Mikanda ya mabegani ikiwa bado imelegea, tembea chumbani. Begi litaning'inia nyuma na kuonekana la ajabu, lakini uzito usikie uko kwenye nyonga na miguu. Ikiwa mkanda wa kiuno unateremka makalioni mara moja, ukaze au upandishe. Usiendelee na hatua inayofuata hadi hapa pawe sawa, kwa sababu kosa la kiuno ndilo linalojificha mabegani.

Hatua ya 6: Mikanda ya mabegani

Hapa ndipo penye kazi, na hapa ndipo watu huharakisha.

Shika ncha mbili za mikanda na uzivute chini na nyuma kwa pamoja, kushoto na kulia sawasawa. Vuta hadi mkanda uguse bega, kisha acha. Usivute hadi begi linyanyuke kutoka kwenye nyonga, kwani ukifanya hivyo umeshauhamisha mzigo kutoka kule ulikouweka.

Muite mwenzio akuangalie kwa ubavu. Mkanda unapaswa kulala juu ya bega bila kuacha uwazi, kuanzia kifuani, kupanda juu, hadi kushuka nyuma yake. Mahali unaposhikana na mgongo wa begi pawe chini ya ule mfupa wa shingo, kwa kiasi cha sentimita tatu hadi tano, kati ya makombe ya mabega.

Akiona mwanga kati ya mkanda na sehemu ya juu ya bega, mikanda imefungwa juu mno kwenye begi. Vua, ishushe kwa kitanzi kimoja, vaa tena. Kinyume chake, kama mkanda unaanzia chini sana mgongoni na kulivuta bega kwa nyuma na chini, huku mkanda wa kiuno ukitaka kupanda tumboni, mikanda imeshushwa mno. Ipandishe. Kila ukibadilisha, rudia kuanzia kiunoni. Inachosha, najua. Lakini inafanywa mara moja kwa begi moja.

Halafu tazama mbele. Sponji ya mkanda iishe chini ya kwapa kwa upana wa kiganja hivi, kama vidole vinne. Ikiisha juu zaidi, bizimu litasugua ubavu au ndani ya mkono. Ikishuka mno, hutabaki na kamba ya kuvuta utakapotaka kukaza.

Kwa akina dada, umbo la mkanda lina maana kubwa. Mashanta mengi ya zamani yameshonwa kwa kifua bapa na mabega mapana. Mikanda yake hushuka wima na kuminya titi, au hukaa pembeni mno na kuteleza. Yale yenye mikanda iliyopinda kama herufi S hupita kando ya kifua bila kukibana. Ukipata nafasi ya kuchagua, chagua hayo, hata kama rangi yake haikupendezi.

Hatua ya 7: Vijikanda vya juu

Vijikanda hivi hulisogeza kichwa cha begi karibu na mgongo na kuupunguzia mkanda mgandamizo wa juu ya bega. Vivute taratibu hadi vikaze kidogo. Vikitazamwa kwa ubavu, viwe vimepanda kutoka begani kuelekea begi kwa mshazari wa nyuzi 45 hivi. Vikilala bapa havifanyi kazi yoyote; begi ni fupi kwa mgongo wako.

Ukivikaza kupita kiasi vitanyanyua mkanda na kuacha ule uwazi tuliouondoa, na mzigo wote utahamia mbele ya bega, juu ya mtulinga, ule mfupa unaotoka chini ya koo hadi begani. Mtu akilalamika kwamba mitulinga inamuuma, mimi huanza kwa kulegeza hivi kabla ya kugusa kingine.

Hatua ya 8: Kifua

Mkanda wa kifua ukae sentimita mbili au tatu chini ya mitulinga. Ufunge kiasi cha kuzuia mikanda ya mabegani isitanuke, ukomee hapo. Vuta pumzi hadi kifua kijae. Kama unausikia unakubana, umeukaza mno. Ukikaa juu zaidi utapanda kooni kila unapoinamisha kichwa.

Hatua ya 9: Tembea nalo

Usimalizie mbele ya kioo. Toka nalo kwa nusu saa angalau, upande na kushuka. Walio Mtwara mjini wana kilima kilicho nyuma ya Boma la Mikindani, jengo lililojengwa 1895. Ukifika juu na kurudi utakuwa umejua mengi. Walio Masasi wamezungukwa na majabali, hawahitaji kuelekezwa. Mtu wa Ndanda ana ukingo wa uwanda wa Makonde nyuma ya nyumba. Wa Lindi mjini akipata siku nzima aende Rondo.

Kwenye tambarare, kila baada ya nusu saa, legeza mikanda ya mabegani kidogo uiachie nyonga ibebe karibu yote. Baada ya dakika kumi, kaza tena ili kiuno kipumzike. Kuhamisha mzigo namna hii hakuna maana kwamba begi halikufungwa vizuri. Hata begi lililofungwa kikamilifu huchosha mahali likikaa pale pale saa tatu.

Kwenye mteremko mkali, kaza vijikanda vya juu na mkanda wa kiuno kabla ya kuanza kushuka, begi lisije likakusukuma kwa mbele. Kwenye mchanga laini wa ufukweni, kama kule Msimbati, mguu unazama na mwili unayumba kila hatua. Hapo mkanda wa kifua unasaidia kuliko unavyodhani.

Kuna mahali pa kufungua badala ya kukaza. Ukivuka mto kwa miguu, au ukipanda mtumbwi au boti, fungua mkanda wa kiuno na wa kifua, na mikanda ya mabegani ilegezwe. Ukianguka majini, uweze kulivua begi kwa sekunde moja. Begi lililofungwa kifuani na kiunoni litakuzamisha, na kuna watu wanaona aibu kulifungua kwa sababu wenzao hawakufungua. Fungua.

Bodaboda nayo ina mambo yake. Ukikaa nyuma, kitako cha begi huegemea keria, begi linanyanyuka, na mikanda ya mabegani inakuacha. Ilegeze kwa safari hiyo, uirekebishe ukishuka. Ncha za mikanda zinazoning'inia zikunje na kuzifunga kwa mpira, zisije zikaingia kwenye mnyororo au tairi. Na begi likiingia kwenye buti la basi la Dar, geuza mkanda wa kiuno uuzungushie begi lenyewe na kuufunga, bizimu lisikanyagwe na gunia la mtu. Bizimu kubwa la kiunoni likivunjika, kulipata jingine la kipimo kile kile ni kazi.

Likiuma bado

Shingo ikisuguliwa pembeni, mikanda imekaribiana mno. Legeza mkanda wa kifua au ushushe kidogo. Ikiteleza kuelekea mikononi, fanya kinyume. Bega moja likiuma na jingine zima, kabla ya kumlaumu Mungu kwa kukupa mabega yasiyolingana, pima urefu wa mikanda yote miwili kwa vidole. Mara nyingi mmoja umeteleza, au chupa ya maji imekaa upande huo peke yake.

Vidole vya mkono kufa ganzi ni jambo la kuchukuliwa kwa uzito. Maana yake mkanda unabana mishipa ya fahamu inayopita chini ya mtulinga kuelekea kwapani. Simama, vua begi, chezesha mikono, kisha uvae upya ukiongeza kiunoni na kupunguza mabegani. Ikiwa ganzi inaendelea baada ya begi kutoka, au mkono umekosa nguvu ya kunyanyua kitu, usilibebe tena siku hiyo, nenda hospitali.

Michubuko ni habari nyingine, na kwa joto letu ndiyo malalamiko ya kwanza. Jasho lenye chumvi likikauka kwenye mkanda hugeuka msasa. Vaa fulana yenye mikono, isiyo na mshono mnene juu ya bega. Singlendi iache kwa ajili ya nyumbani. Paka mafuta ya mgando pale mkanda unapogusa ngozi kabla hujaanza kutembea, maana ukisubiri hadi pachubuke umechelewa. Ukirudi, sugua mikanda kwa maji baridi na sabuni kidogo, isuuze chumvi na mchanga hadi kwenye mabizimu, uianike kivulini. Jua kali la mchana hula nailoni polepole.

Wakati wa kumuona fundi

Fundi viatu atakufaa kuliko fundi cherehani, kwa sababu ana sindano na uzi wa kupenya mkanda mnene. Mshono ukifumuka pale mkanda unapokutana na begi, mwambie hivi: "Fundi, nishonee kwa uzi wa nailoni, upite mara kadhaa, na ufunge msalaba katikati." Mshono wa mstari mmoja utaachia mzigo wa kwanza. Ukiwa mbali na mafundi, shazia ya kushonea magunia ya korosho na uzi wa nailoni vitakufikisha nyumbani.

Sponji iliyokufa inaweza kubadilishwa, ila usikubali sponji ya godoro. Ni laini, inajibonyeza hadi kuisha ndani ya saa moja. Soli ya kandambili nzima, iliyokatwa na kupunguzwa unene, hubeba mzigo vizuri zaidi. Mkanda unaoteleza kwenye bizimu kwa kuwa umechakaa, ukunje ncha mara mbili na kuishona. Hata usipoacha kabisa kuteleza, utakuwa umepungua sana kuteleza. Mkanda uliokatwa, ncha yake iunguze kwa kiberiti hadi iyeyuke kidogo, isifumuke.

Kitu kimoja fundi asikiguse: kufupisha mikanda ya mabegani kwa kukata. Mwili hubadilika, na kesho utamuazima mtu mwingine.

Begi lisilo na mkanda wa kiuno

Mabegi madogo, ya shule na ya kompyuta, hayana. Hapo mabega ndiyo yanayobeba, kwa hiyo punguza mzigo; kilo sita hivi kwa mtu mzima ndio mpaka wangu. Fupisha mikanda ili begi likae juu, limeshikana na mgongo, kitako chake kisipite kiunoni. Watoto wa shule hupenda begi lining'inie hadi makalioni kwa sababu ya mtindo. Asubuhi mkazie, na ujue kwamba akikata kona atalilegeza. Basi angalau vitabu vizito viwe upande wa mgongo, na mikanda ivaliwe yote miwili.

Weka alama

Ukishapata mkao unaokufaa, chukua kalamu ya wino usiofutika au uzi wa rangi, uweke alama kwenye kila mkanda pale bizimu linapoishia, na kwenye velkro au reli ya mgongoni pia. Begi likiazimwa na binamu anayekwenda Masasi, au likifuliwa na kufumuliwa kila kitu, utalirudisha mahali pake kwa dakika mbili bila kutafuta futi ya fundi.